Tulikodi Land Cruiser ya hema juu ya paa: Lubumbashi, Kitwe, Kasanka, Mansa, na familia yote mu njia

Bantu banauliza kama kukodi motoka ya namna hii na familia inafaa. Nianze na jibu kabisa, juu najua bengine mutasoma paka mustari wa kwanza: ndiyo, inafaa. Ni Land Cruiser yenye hema mbili juu ya paa, frigo, tanki ya maji na jiko ya gazi, tuliikodi hapa hapa Lubumbashi ku mutu mumoja mwenye kuwa na motoka za namna ile mu lupango yake, tukaenda nayo Zambia mu mwezi wa 11, tukalala fasi ingine mu lupango za familia na fasi ingine mu pori, na mimi na bibi yangu tunapatana kama hii njo safari ya muzuri kupita zote zenye tumefanya na batoto. Kuko mambo yenye haikutufurahisha, nitayasema yote, lakini sitaki muanze nayo.

Kwanza mujue ni kitu gani. Bazungu beko na zile nyumba za magurudumu, kitanda ndani, choo ndani, dushi ndani. Ile ni ya gudro ya muzuri na fasi za kusimama zenye kutengenezwa, huku kwetu mu mvula itabakia mu potopoto ya kwanza. Njo maana mu Zambia, Botswana na Afrika ya Kusini bantu banatumikisha Land Cruiser ao Hilux, banaweka hema yenye kukunjwa juu ya paa. Unafungua mikanda, unavuta ngazi, hema inafunguka na ndani kuko matela tayari. Batoto batatu balilala mu moja, sisi bakubwa mu ingine. Nyuma kuko masanduku ya kuvuta, moja ya sahani na sufuria, ingine ya chakula, alafu frigo ya volti 12 yenye kutumikia batri ya pili ili ile batri ya kuwashia moteri isikufe usiku. Chini kuko tanki ya maji na robine yake, na tanki mbili za mazutu. Mutu anaweza kufikiri tanki mbili ni mingi, lakini kutoka Serenje kwenda Kasanka na kupita kwenda Samfya, stesheni haziko karibu karibu, na siku ingine unafika stesheni iko, mazutu haiko.

Mwenye motoka namusifu. Hakutupatia funguo na kutuacha. Alituita siku moja mbele, akamuambia bibi yangu afungue hema mwenyewe na aifunge mwenyewe, akamuambia mutoto wetu mukubwa aonyeshe fasi kizima-moto iko, akanifanya nitoe pine ya rezerve na kuirudisha, mimi na mashati ya kazi. Mafunzo ile ilichukua asubui muzima na ilitusaidia safari yote. Kontra yake iko fupi na iko wazi: usiendeshe usiku, usipite barabara ya Pedicle mu mvula, na kama motoka inalala mu lupango ya mutu, iwe lupango yenye kufungwa.

Kwa bale hamujue, Pedicle ni ile barabara ya kutoka Mokambo mpaka Chembe, inakata ule mukono wa Katanga wenye kuingia ndani ya Zambia. Kwa kwenda Mansa njo njia fupi, na tangu 2008 kuko daraja ya Levy Mwanawasa juu ya Luapula ku Chembe, hauko tena unangojea bake. Familia yetu ya Mansa ilituambia tupite kule. Lakini mu mwezi wa 11 mvula imeisha kuanza, motoka si yako, kontra ni kontra, basi tulizunguka na Kasumbalesa, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Serenje. Ni mbali mingi zaidi lakini karibu yote ni gudro, na ile kuzunguka njo ilitupatisha kuona mama mukubwa wa Kitwe, kwa hiyo sioni kama tulipoteza kitu.

Makaratasi: motoka yenye haiko mu jina yako inaomba barua ya mwenyewe yenye sahihi na kashe, alafu karti ya manjano ya COMESA kwa asiransi, ruhusa ya kuingiza motoka kwa muda upande wa Zambia, taksi ya moshi, na peaji za barabara. Mwenye motoka alitupangia yote mu farde moja na photokopi, tukalipa tu ku gishe. Kwa batoto beba akte de naissance, na karti ya chanjo ya homa ya manjano kwa kila mutu. Toka Lubumbashi mapema sana, kungali giza kidogo. Ku Kasumbalesa mulolongo ya makamyo yenye kubeba kuivre inaweza kuwa kilometa na kilometa, motoka ndogo zinapita pembeni lakini ukifika saa sita jua ikiwaka na bantu bamejaa, batoto batalia na wewe pia utachoka mbele ya safari haijaanza. Saa haibadiliki, Lubumbashi na Zambia ni saa moja, lakini upande wa kuendesha unabadilika, kule ni kushoto, na hapa nitasema waziwazi: usimupe usukani mutu mwenye hajawahi kuendesha kushoto akiwa na batoto ndani. Kaka yangu mudogo anatumikaka njia ile, njo aliendesha kipande ya Chingola mpaka Kitwe, fasi makamyo ya remoke mbili yanakuya mbele yako bila kupunguza, alafu akarudi na basi.

Sasa Kitwe. Mama mukubwa anaishi kule tangu bwana yake alikuwa anatumika mu mine. Nyumba iko ndogo na imejaa bajukuu. Kila mara tukienda na basi, yeye anatoka mu kitanda yake, anatupatia, analala chini mu salo na batoto, na hauwezi kukatala, ukikatala umemutukana. Ni mutu wa miaka mingi na magoti yake inauma. Ile kitu ilikuwa inaniuma mimi kila mara, na nilikuwa nafika kuchelewesha kumutembelea juu yake.

Mara hii tuliingiza motoka mu lupango, chini ya mwembe, tukaanza kufungua hema. Akatoka na kitenge yake, akasimama.

"Mwana, nyumba iko, na weye unalala inje sawa mugeni?"

Bibi yangu alijua kujibu kunipita. "Mama, tuko kwako. Tutakula kwako, tutaoga kwako, tutapiga masolo kwako mpaka usiku. Batoto tu njo banataka kulala juu."

Akatazama ngazi, akatazama bajukuu yake bameshapanda bote mpaka hema inatikisika, akacheka, mambo ikaisha. Ile usiku alilala mu kitanda yake. Asubui alituletea chai chini ya mwembe na kikapo ya maembe, mangaribi ilikuwa bukari na sombe na munkoyo yenye alitengeneza mwenyewe, na usiku ile tulichelewa kulala juu batoto ba kwetu na ba kule balikuwa banabadilishana fasi mu hema, nusu Kiswahili, nusu Kibemba, na kelele. Kama ningekuwa na kusema kitu kimoja tu juu ya motoka hii, ningesema ile: unaweza kwenda ku familia bila kumutoa mutu mu kitanda yake. Unabaki siku mingi zaidi juu hauko muzigo. Watalii banaisifu juu ya simba na tembo, mimi naisifu juu ya lupango ya mama mukubwa.

Kutoka Kitwe barabara iko muzuri mpaka Ndola, alafu Kapiri Mposhi fasi reli ya TAZARA inaanza kwenda Dar es Salaam, kule unajaza tanki zote mbili na unageuka kwenda kaskazini mashariki, barabara ya Serenje. Hapa usikimbie. Kuko makamyo ya Tanzania, kuko mashimo yenye haitazamiwi, kuko vijana na vélo zenye kubeba mifuko ya makala. Lakini kwa kula, hii barabara ni baraka: mu mvula ya kwanza bamama banauzisha bowa pembeni, zile kubwa za ku kichuguu, kofia yake kubwa kama mwavuli, mama anaisimamisha juu ya mukono yake ili uione mbali. Tulinunua moja tu, ikatukulisha bote usiku ule, na mafuta kidogo na kitunguu na chumvi. Ukiiona simama, lakini nunua ku bamama ba njia benye kuijua, usichume mwenyewe mu pori.

Kasanka. Unapita Serenje kidogo, unaacha barabara kubwa, unachukua ile ya kwenda Mansa, gudro mpaka ku mulango ya parke. Ni parke ndogo, kilometa za mraba karibu 390, watu bengi banaipita bila kuijua wakienda mu parke ya Luangwa. Tembo iko kidogo, simba usifuate kule. Lakini kwa familia yenye batoto mimi ninaiweka mbele, juu hauko unakaa ndani ya motoka siku muzima kutafuta mnyama mwenye hataki kuonekana. Unakaa fasi moja, wanyama banakuya.

Tulisimamisha motoka ku kambi ya Pontoon, pembeni ya muto Kasanka. Kambi ni majani yenye kukatwa, fasi ya moto, choo ya shimo iko safi, na dushi ya ndoo: batumishi ba kambi banakuletea kuni na maji ya moto, unavuta kamba, unaoga na unaona nyota. Bale batumishi balitufanyia kazi na roho muzuri, balimufundisha mutoto wetu wa kati kuwasha moto na kuni yenye maji. Mbele yako kuko majani marefu ya maji, na asubui sana, mbele ya jua, ukitazama polepole kutoka mu hema juu, unaona sitatunga. Ni swala mwenye kuishi mu majimaji, kwato zake ni ndefu na zinapanuka ili asizame, mu parke mingi bantu banatafuta sitatunga miaka na hawamuoni. Hapa tulifungua tu zipu ya hema. Hii njo faida ya kulala juu: hema ya chini majani inaficha, hema ya paa iko tayari mulingoti wa kutazamia. Mutoto wa mwisho alinivuta sikio, akaonyesha na kidole, hakusema kitu, alijua mwenyewe kama akipiga kelele atakimbia. Puku, swala ingine, zilikuwa mingi mpaka ukazizoea, na jioni viboko banalia upande wa maji.

Familia ya Mansa ilitufuata kule. Baba mudogo na tantini bakakuya na Noah yao, kutoka kwabo ni gudro tu. Tantini anaishi Mansa kutoka zamani sana na hajawahi kuingia Kasanka hata mara moja. Ku telefone aliniambia: "Eti nilipe makuta juu ya kuona popo? Kwetu popo inalala mu mwembe, naifukuzaka na fagio." Baba mudogo alimuomba, mimi nilimuomba, mwisho akakuya juu ya kuona batoto tu, alisema vile.

Leka nieleze ile popo, juu hii kitu kila mutu wa Katanga anapashwa kuijua. Kila mwaka kuanzia mwezi wa 10, popo wakubwa wenye kula matunda banakuya kukaa mu kamusitu kadogo ka maji ndani ya Kasanka, ni kadogo kabisa, unaweza kukazunguka na miguu. Mu mwezi wa 11, bengi banasema banafika karibu milioni 10. Milioni kumi, mu kamusitu kamoja. Banasema ni muhamo mukubwa kupita yote ya wanyama wenye kunyonyesha mu dunia, kuhesabu kichwa kwa kichwa, unapita hata ule wa nyumbu wa Serengeti. Mabawa yake ikifunguka inakaribia santimetre 80. Balala bamening'inia mpaka matawi inavunjika juu ya uzito, na chini mamba na chatu bangojea benye kuanguka, na juu tai.

Na banafuata nini? Masuku. Na matunda ingine ya pori, mufinsa, mupundu, lakini masuku sana. Ile masuku yenye batoto ba Lubumbashi banakula mwezi wa 11 na wa 12 mpaka midomo inapasuka, bamama banauzisha ku barabara ya Likasi na ya Kasumbalesa mu mabeseni. Usiku mumoja popo mumoja anaweza kuruka makumi ya kilometa, anakula, anatupa mbegu mbali na muti yenye ilizaa, na vile misitu inapandwa upya bila mutu kulipwa. Njo kitu kyenye kilimukamata mutoto wetu mukubwa zaidi kupita ile hesabu ya milioni: masuku yenye anakula nyumbani inawezekana ilipandwa na popo.

Na kuko ingine. Bantu ba sayansi balifunga biombo bya satelaiti ku popo bachache ili bajue banaenda wapi wakitoka Kasanka. Baliingia Congo. Balikata ile mupaka yenye sisi tulilipia taksi na kashe, bakapanda kaskazini ndani ya inchi yetu, zaidi ya kilometa 1000. Mwongoza wetu alipoeleza vile, tantini akamukata maneno: "Basi ni ba kwetu hawa, banakuya tu kutembelea familia." Mwongoza akasema mama, ni kweli kabisa.

Mu musimu wa popo unaenda na mwongoza, unalipia, na unapanda mapema mbele ya jua kushuka. Kuko ngazi ya kupanda ku muti mukubwa wa Fibwe, karibu metre 18, balijenga kiti juu, lakini tantini na magoti yake hakupanda, mwongoza akatupeleka bote fasi ya chini yenye wazi, na naona ilikuwa muzuri zaidi juu tulikuwa pamoja. Kwanza unasikia. Musitu inalia, sauti mingi mingi nyembamba, na harufu inafika. Karibu saa kumi na mbili mangaribi bamoja bamoja banatoka, unafikiri ni ile tu. Alafu inafunguka. Banatoka pande zote, juu ya kichwa, mbele, nyuma, mpaka hauna fasi ya mbingu yenye haina popo, na haiishi, dakika kumi, dakika ishirini, bangali banatoka, na mbingu nyuma yake iko nyekundu. Mutoto wa kati alianza kuhesabu akaacha. Tantini, ule wa fagio, alipiga makofi, akapiga vigelegele sawa ku ndoa, bageni bengine bazungu balimugeukia bakaanza kupiga makofi nabo. Baba mudogo akatazama bibi yake mpaka akasahau popo.

Tulirudia asubui yake saa kumi na moja, mbele ya jua, kuona banarudi. Hiyo bantu bengi banaiacha juu ya usingizi, musiiache. Banarudi polepole kuliko vile banatoka, unaona sura yao, ile manyoya ya manjano ku shingo.

Kitu kimoja nasema bila kuficha: huku kwetu kuko bantu benye kula popo. Kule hapana kuigusa, hapana kuokota yenye kuanguka, eleza batoto mbele ya kufika, ni juu ya afya yabo na ni juu ya popo pia. Na misitu ya pembeni ya parke inakatwa juu ya mashamba makubwa na makala. Popo hawali ndani ya parke tu, kama masuku ya inje inaisha, hesabu ile itashuka. Kila bei ya mulango yenye unalipa pale iko na kazi.

Kutoka Kasanka tulifuata Noah mpaka Samfya, tukala samaki ya Bangweulu ku muchanga mweupe wa ziwa, batoto bakacheza pembeni lakini hawakuingia mbali, uliza kwanza benyeji juu ya mamba. Alafu Mansa, hema tena mu lupango, na mara hii nikasikia tantini anaeleza majirani habari ya popo mpaka ikawa ni yeye mwongoza.

Sasa mambo yenye haikuwa muzuri. Zipu ya hema ya batoto ilikuwa imechoka, ukivuta inabaki wazi fasi ya mukono, na mvula ya usiku wa pili ku Kasanka iliingia, matela ikalowa, batoto balishuka bakamalizia usiku ku biti bya motoka. Tulifunga na skochi na mufuko wa plastiki safari yote. Nilipomurudishia mwenye motoka, alikubali, akatoa kitu kidogo ku bei, lakini zipu ni kitu kya kutazama mbele ya mugeni hajaondoka, kule kuko mbu na malaria, haiko tu mvula. Ya pili, batri ya frigo haikuweza kukaa siku mbili bila kuendesha, na mu pori mutu anataka kusimama siku mbili. Nyama yetu ilianza kunuka, tukaipika yote mara moja. Angeweka pano ya jua, bei yake haiko kubwa na jua iko. Ya tatu, ngazi haiko ya bazee. Kama unasafiri na nkambo, mutafutie kitanda kya kukunja na hema ya chini, ao lala mu lodge ya Wasa yeye peke yake na mujukuu mumoja. Na ya ine, biti ni tano tu, na kaka ndani tulibanana ile kipande tu; kwa njia ya mbali hauwezi kumubeba mutu wa familia, ungependa sana lakini haiko fasi.

Mazutu inakula. Moteri iko ya zamani, nguvu iko, mbio haiko, na paa yenye kubeba hema mbili inakamata upepo. Tulienda polepole na hatukuona kama ni hasara, lakini hesabu mazutu mbele ya kuhesabu kitu kingine, kwetu ilikaribia nusu ya bei ya kukodi motoka yenyewe.

Ku kurudi tulipita Chimfunshi, magharibi ya Chingola, fasi banalea sokomutu zaidi ya 100. Ilianza 1983 na sokomutu mutoto mwenye kuumia mwenye alitoka huku kwetu, wakati ule Zaire, mu mikono ya bachuuzi. Batoto benye kujua J.A.C.K., fasi ya kulea sokomutu ya Lubumbashi, bataelewa upesi. Kama siku zako ni chache na Kasanka ni mbali kwako, Chimfunshi peke yake inatosha kwa mwisho wa juma, na kambi kuko.

Bei: ilikuwa zaidi kidogo ya dola mia kwa siku, na garanti yenye alinirudishia yote kisha kutazama motoka chini na juu. Kwa mutu mwenye kwenda peke yake ni gali, chukua basi. Kwa familia ya bantu batano, toa bei ya hoteli ya kila usiku, toa restora, ongeza ile kitanda ya mama mukubwa, utaona mwenyewe. Tangu mwezi wa 10 mpaka wa 12 motoka yenye hema inakamatwa mapema na kambi za Kasanka zinajaa, kwa hiyo ita tangu mwezi wa 7, lipa nusu, na siku ya kuchukua funguo, fungua na ufunge kila zipu na mukono yako mbele ya kutia sahihi.